Pete Thelathini za Gazeti

Kwetu Kakamega gazeti lilikuwa na kazi nyingi, na kusomwa ilikuwa ya mwisho. Lilifungia nyama buchani. Lilitundikwa chooni kwenye msumari. Lilibandikwa ukutani sebuleni kwa gundi ya unga, ili udongo usituangukie kwenye chai. Mimi nilijifunza kusoma kwenye ukuta huo, nimesimama juu ya stuli, nikifuata kwa kidole habari za mawaziri waliokwisha kufa zamani. Krismasi ikikaribia, mama alikata kalenda ya mwaka unaoisha vipande vyembamba, akavikunja pete, pete ndani ya pete, mpaka mnyororo ukavuka chumba kutoka kona hii hadi kona ile. Hatukuwa na mti wala taa. Tulikuwa na mnyororo huo na puto mbili, na tulijiona tumepamba.

Naanzia hapo kwa sababu watu wakisikia nilichofanya Doha huniuliza, "Kwani hukuwa na akili?" Nilikuwa nayo. Ilikuwa akili ya Kakamega.

Nyumba niliyofanyia kazi ilikuwa Umm Salal, kaskazini mwa mji, nyumba ya ghorofa mbili iliyozungukwa na ukuta wa rangi ya mchanga. Walikuwamo Baba mwenye nyumba, ambaye nilimwona zaidi mgongo kuliko uso, Madam, mkewe, watoto wawili, msichana wa miaka tisa na mvulana wa sita, na Bibi, mama yake Baba, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu aliyeshinda ukumbini na msahafu wake na kikombe chake cha kahawa. Kazi yangu ilikuwa watoto, na nguo, na chochote kile ambacho hakikuwa na mwenyewe. Nilikwenda kwa mkataba wa miaka miwili. Nilipoondoka nyumbani nilimwacha binti yangu kwa mama, ana miaka mitatu, analala. Nilishauriwa nisimwamshe, nami nikatii. Huo ni ushauri mbaya kuliko wote niliowahi kupewa.

Miaka ile miwili ilikuwa inakwisha Ramadhani iliyoangukia Julai. Mwezi mmoja kabla, nilikuwa nimejikaza nikamwambia Madam jikoni kwamba nataka kwenda kumwona mtoto. Alikuwa anaonja mchuzi. Akasema, "Baada ya Idi utakwenda, inshallah." Nilimshika mkono nikaubusu, na mimi si mtu wa kubusu mikono. Wakati ule mfanyakazi hakuweza kutoka nchini bila tajiri wake kutia sahihi, na pasipoti yangu ilikuwa kwenye droo ya Baba tangu siku niliyofika. Kwa hiyo neno lile la Madam ndilo lililokuwa ndege yangu.

Nilimpigia mama simu siku hiyo hiyo.

"Usimwambie mtoto siku," mama alisema. "Mwambie utakuja siku ile utakuja."

"Mama, wamesema baada ya Idi."

"Nimesikia. Mimi nakwambia usimpe siku."

Nilimwona mzee mwenye woga. Mama yangu ana tabia ya kuwa sahihi kwa namna inayokera, na mpaka leo sijamsamehe kwa hilo.

Sasa, Ramadhani ya Julai kwa watoto wa pale ni kifungo. Shule zimefungwa, nje kunaunguza, watu wazima wamelala mchana kutwa. Wale wawili walipigana juu ya kila kitu. Siku mbili kabla ya mfungo Madam akaniambia niwatafutie shughuli, akaenda kulala. Nikakumbuka kalenda za mama. Nikawaambia, tutatengeneza mnyororo wa pete thelathini, na kila siku jua likizama, baada ya tende ya kwanza, tutachana pete moja. Zikiisha, ni Idi. Msichana aliuliza itakuwaje mwezi ukionekana siku ya ishirini na tisa. Nikamwambia basi ile ya mwisho tutaila. Yule mvulana alicheka akagaagaa kwenye zulia.

Karatasi hazikukosekana. Nyumba ile ilitupa karatasi kama sisi tunavyomwaga maji ya vyombo. Mifuko ya manukato yenye vishikio vya utepe, maboksi ya viatu, karatasi za zawadi zilizotumika mara moja, na magazeti ya Baba, ambayo alfajiri yalifika na jioni yalikuwa kwenye pipa, mengine hayajafunguliwa. Nilianza kuyatoa pipani. Moyo wangu ulifurahi kuyatoa, nakiri, kwa sababu hakuna kilichoniudhi katika nyumba ile kama kile kitupwacho kizima. Katika siku zile za kungojea mfungo magazeti yalikuja na kurasa za katikati za Ramadhani, karatasi laini, na pambizo za dhahabu na kijani, na maandishi makubwa yaliyojipinda kwa uzuri. Nilipoziona nikasema, hizi ndizo. Matangazo ya magari nikayaacha. Picha za mawaziri nikaziacha; nilikuwa nimewasoma wa kwetu wakanitosha. Nilichagua zile nzuri kabisa.

Nilizikata mwenyewe, watoto wakiwa wamelala, kwa mkasi wa jikoni. Nikakoroga gundi ya unga wa ngano. Walipoamka walikuta vipande vyembamba tu, dhahabu huku, kijani huku, herufi zimekatika vichwa na miguu, wakavikunja pete hadi vidole vikagandana. Tuliutundika mnyororo chumbani kwao, kutoka kwenye pazia hadi kwenye kabati. Ulipendeza. Hata leo nikiukumbuka, kabla sijakumbuka mengine, huwa nakumbuka kwanza kwamba ulipendeza.

Na Ijumaa hiyo, licha ya yote aliyonionya mama, nilimwambia binti yangu atengeneze wake. Nilimweleza kwa simu, naye bibi yake akashika mkasi. Pete thelathini. Kila jioni chana moja. Zikiisha, mama anafunga mizigo.

"Thelathini ni nyingi?" aliuliza.

"Si nyingi. Ni mwezi mmoja."

"Halafu unakuja na ndege ama na gari?"

"Na ndege, halafu na gari."

"Sawa," alisema, kwa sauti ya mtu anayeandika.

Basi Ramadhani ikaenda. Sauti ya muadhini ikiingia, watoto walitia tende mdomoni, wakapanda ngazi mbio, wakachana pete moja. Mimi niliokota kilichoanguka, pamoja na kokwa za tende, nikakitia kwenye pipa la jikoni, juu ya miba ya samaki. Nilikuwa nikiimba. Kila pete ya kwao ilikuwa pete ya kwangu.

Siku ya kumi na nne ilikuwa ya Garangao, ile jioni ya katikati ya Ramadhani ambapo watoto huvaa nguo za kienyeji na kuzunguka nyumba kwa nyumba na mifuko shingoni, wakiimba, wakipewa njugu na peremende. Alasiri ile wale wawili waliamua mnyororo ushuke chini ukapambe ukumbi, wageni wauone. Wakautandaza kwenye zulia mbele ya Bibi. Mvulana alikuwa anarukaruka, akakanyaga pete moja, akaiokota kuinyoosha. Alikuwa ndio kwanza anaanza kusoma. Alisimama, akaisogeza karibu na macho, akasoma herufi moja moja kwa sauti. Halafu uso ukamchanua, akamkimbilia bibi yake.

"Nimesoma! Bibi, nimesoma! Imeandikwa Allah!"

Bibi alicheka kwanza. Akaichukua pete, akaifungua. Akazitazama zile nyingine zilizolala sakafuni, penye miguu yetu.

Sijawahi kuona mtu akishuka sakafuni kama alivyoshuka yeye. Alishika mkono wa kochi, akaliweka chini goti moja, akaguna, akaliweka la pili. Nilidhani kumevunjika kitu. Akaanza kuokota, pete moja, akaipuliza vumbi, akaibusu, akaigusisha kwenye paji la uso, akaiweka mapajani. Pete ya pili vivyo hivyo. Hakuniangalia. Mimi nami nikapiga magoti nikaanza kuokota, sijui ninaokota nini, nikimwiga: nikapuliza, nikabusu. Msichana alikuwa amejibana kwenye ukuta, na kwa jinsi alivyonitazama nikajua kwamba nimefanya jambo kubwa.

Bibi alizipanga. Zilikuwa kumi na saba.

"Nyingine ziko wapi?"

Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni, lakini hilo nililielewa. Ningeweza kusema nimezihifadhi. Ningeweza kusema sijui, watoto wanajua. Mimi ni binti wa shemasi, nilichapwa kwa ajili ya uongo kuliko kwa ajili ya kitu kingine chochote, na kiboko cha baba yangu kilinifuata hadi Umm Salal.

"Kwenye taka," nikasema.

Aliuliza tena, akidhani nimekosea neno. Nikamwonyesha kwa kidole pipa lililokuwa karibu na mlango wa jikoni, nikaonyesha nje, nikaonyesha gari la taka limekwenda. Pete kumi na tatu, jioni kumi na tatu. Bibi alifumba macho akasema, "Astaghfirullah," polepole, mara tatu. Halafu akaninyoshea mkono nimsaidie kuinuka. Hilo ndilo lililonitoa machozi, kwamba aliutaka mkono wangu.

Aliyenifafanulia ni mpishi wa nyumba ya jirani, mwanamke wa Mombasa tuliyekutana naye kila jioni nyuma ya ukuta tukimwaga taka. Nilimweleza nikilia. Akaweka ndoo chini.

"Shoga, umekata aya?"

"Ilikuwa gazeti!"

"Gazeti la Ramadhani, mwenzangu. Ukurasa mzima ni aya na hadithi za Mtume. Sisi kwetu hata karatasi ya barabarani, ikiwa ina herufi za Kiarabu, twaiokota twaiweka juu. Hata ikiwa ni ya dawa ya mende, maana hujui."

"Si ungeniambia?"

"Ningejuaje kama wakata? Wallahi, watu wa bara nyinyi." Kisha akanishika bega. "Hukujua. Mungu ajua hukujua. Lakini Madam wako si Mungu."

Madam hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, kelele naziweza. Alinijia jikoni kesho yake, akasimama palepale alipokuwa ameonja ule mchuzi, akasema Baba amesikitika sana, na kwamba mtu anayelea watoto lazima awe na uangalifu. Nikasema ndiyo, Madam. Akageuka kuondoka.

"Madam, safari yangu?"

"Baada ya Idi tutazungumza," alisema.

Mwanzoni lilikuwa utakwenda. Sasa lilikuwa tutazungumza. Nililigeuza neno hilo nikifua, nikipiga pasi, nikiosha mabakuli ya supu. Sikuwa na mtu wa kunihakikishia kwamba zile pete ndizo zilizolibadilisha. Hata sasa sina. Lakini moyo wangu ulishika pale na haujaachia.

Ijumaa iliyofuata nilipiga simu nyumbani, na binti yangu akaipokea kabla ya bibi yake.

"Zimebaki kumi na sita," alisema. "Leo bado sijachana."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa na simu sikioni, mlango nimeufunga, salio la kutosha. Ningesema, mama, weka mnyororo huo kwanza, mambo yamebadilika. Mtoto wa miaka mitano angelia, angenyamaza, angekula, yangeisha.

"Endelea hivyo hivyo," nikasema.

Madam alinunua mapambo ya dukani, miezi na nyota za plastiki zenye taa ndani, yakatundikwa kila mahali. Watoto hawakuyaangalia mara mbili. Mvulana alinijia siku moja na kijarida cha katuni akaniuliza kwa kunong'ona kama hiki kinaruhusiwa kukatwa. Nikamwambia mimi sijui, amwulize mama yake. Hakuniuliza tena.

Idi ilifika, nyumba ikajaa wageni, na siku ya nne Madam akaniita. Baba alikuwepo, anatazama simu. Wakanieleza kwamba mwaka huu familia inakwenda London kukimbia joto, wiki sita, na Bibi hawezi safari kwa sababu ya magoti. Lazima abaki na mtu. Kulikuwa na mpango wa kuajiri mwingine, lakini Bibi mwenyewe amekataa.

"Amesema anakutaka wewe," Madam alisema, na nadhani alidhani ananipa zawadi.

Nikasema nina mtoto. Baba akaniambia, bila ubaya, wakirudi tutaangalia.

Nilimwendea Bibi. Nilikuwa na hasira nyingi, na maneno machache ya kuisemea. Nikamuuliza kwa nini mimi. Mimi niliyetupa jina la Mungu kwenye miba ya samaki. Yeye alinivuta nikae.

"Wewe ulisema kweli," alisema. "Ungeweza kunidanganya. Mimi mzee, hapa peke yangu, nataka mtu asiyenidanganya."

Ndiyo hivyo. Baba yangu alinifundisha kwamba ukweli humweka mtu huru. Ukweli ndio ulionifungia Umm Salal.

Siku ile pete za binti yangu zilipoisha sikupiga simu. Wala kesho yake. Niliogopa mtoto wa miaka mitano kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu. Nilipiga siku ya tatu, akapokea mama.

"Mpe simu."

"Ako nje."

"Si umwite."

Nilisikia mama akitembea, kuku wakimpisha, mlango. Nilisikia akisema jambo kwa sauti ya chini. Kisha akarudi.

"Hataki," alisema. Hakuongeza kwamba alinionya. Ingekuwa afadhali angeongeza.

Wiki zile sita, kila asubuhi, Bibi na mimi tulikaa ukumbini na magazeti. Alinifundisha. Gazeti likifika, tunalifungua, tunatafuta kila mahali palipoandikwa jina la Mungu, au aya, au jina la Mtume, tunakata pale kwa mkasi, tunaweka kwenye boksi la viatu. Boksi likijaa, dereva analipeleka msikitini, kwenye sanduku lake maalumu. Zilizobaki ndizo zinazotupwa. Neno la kwanza la Kiarabu nililoweza kusoma maishani mwangu ni jina la Mungu, na nililisoma na mkasi mkononi. Nilikuwa na bidii. Nililitafuta hadi kwenye matangazo ya rambirambi na kwenye majina ya watu, maana majina ya watu pia huwa yamelibeba. Bibi alisema nina jicho. Ninaapa kwamba nilimpenda, na ninaapa pia kwamba zilikuwako asubuhi nilipomtazama shingo yake nene ikiwa imeinamia karatasi, nikatamani Mungu amchukue ili mimi niende. Yote mawili yalikaa ndani yangu bila kugombana.

Walirudi kutoka London. Tukaangalia, kama Baba alivyoahidi, na tulipoangalia shule zilikuwa zinafunguliwa. Kisha Bibi akapooza upande mmoja, na hakuna aliyeweza kumlisha isipokuwa mimi. Mkataba mpya uliletwa umeshapigwa mhuri. Nilitia sahihi. Niulize kwa nini nilitia sahihi, nitakuuliza nawe ungefanya nini.

Desemba moja katika ile miaka niliruhusiwa kwenda kanisani Ijumaa, maana ndiyo siku ya mapumziko ya huko, kule Mesaimeer, kwenye eneo la makanisa. Akina mama wa Kenya walikuwa na watoto kwenye chumba cha nyuma, wanatengeneza nyota za Krismasi kwa karatasi kuukuu, programu za ibada zilizopita na fomu za ofisini. Mmoja, muuguzi, akanikabidhi mkasi. "Dada, wewe si unajua watoto. Saidia hapa kidogo." Nikakaa. Nikachukua karatasi ya kwanza, nikaisoma upande wa mbele, nikaigeuza nikaisoma nyuma. Nikachukua ya pili. Neno Bwana lilikuwa kila mahali, Bwana huku, Mungu kule, Yesu mstari mzima. Watoto walikuwa wamenyoosha mikono, wananingoja. Yule muuguzi akaniambia, kwa mzaha, "Hizo ni karatasi tu, mama." Nikamrudishia mkasi nikasema naumwa na kichwa. Nilikaa nje kwenye ukuta mfupi mpaka ibada ilipokwisha.

Bibi alifariki asubuhi moja ya Februari, nikiwa namkanda mguu. Nilimlilia kweli, nililia kuliko wanawe, hadi wageni wakauliza mimi ni nani. Na katikati ya kilio kile kile niliwaza droo ya Baba. Baada ya siku za matanga Madam alinipa pasipoti mwenyewe, na tikiti, na sanduku jipya, akanikumbatia. Sina la kumlaumu nalo katika siku ile. Binti yangu alikuwa na miaka minane.

Hakuja uwanja wa ndege; ni mbali. Nilimkuta nyumbani, amesimama karibu na mama, mrefu, amevaa sare ya shule ijapokuwa ilikuwa Jumamosi, kwa sababu ndiyo nguo yake nzuri. Alinipa mkono. Alinikaribisha kwenye kiti cha wageni, akaniletea maji ya kunawa, akaniletea chai na mandazi, akasimama pembeni mpaka nilipoonja. Mama alikuwa amemfunza vizuri. Nilikuwa natafuta cha kusema, nikainua macho.

Mnyororo ulianzia juu ya mlango. Ulipita chini ya mabati ukafuata ukuta, ukazunguka kona, ukarudi, ukazunguka tena, safu juu ya safu, umening'inia kwenye misumari na kwenye vijiti. Pete za pakiti za unga. Pete za daftari zenye vema za mwalimu kwa kalamu nyekundu. Pete za karatasi za kampeni, jicho la mheshimiwa hapa, meno yake pale. Pete za kalenda, za programu ya mazishi ya mtu, za boksi la sabuni. Zile za mwanzo zilikuwa nyeusi kwa moshi, na nyingine zilikuwa zimechanwa na mijusi.

"Ile jioni ziliisha," mama alisema kwa sauti ya chini, maana aliona ninapotazama, "alikaa pale mlangoni hadi giza. Nikambeba nikamlaza. Asubuhi akaniomba gundi. Akasema kama hukuja zikipungua, basi labda unakuja zikiongezeka. Kila jioni moja. Mimi ningefanya nini?"

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe ungefanya nini?"

Niliufuata kwa macho, ukuta kwa ukuta, nikitafuta unapoishia. Uliishia juu ya dirisha, si kwenye kona wala kwenye msumari, katikati tu. Pete ya mwisho ilikuwa ya daftari, na vumbi juu yake lilikuwa la muda mrefu. Nilimgeukia binti yangu. Nilijitahidi sauti iwe ya kawaida.

"Ni mzuri sana," nikamwambia. "Mbona uliacha?"

Alitazama dirishani, kisha akatazama mikono yake.

"Karatasi ziliisha," alisema.

Kwenye meza, mbele yangu, karibu na sahani ya mandazi, palikuwa na madaftari yake ya shule, matatu, manene, nami nilikuwa nimekwisha kuyafungua nikingoja chai. Zaidi ya nusu ya kurasa zilikuwa tupu.

"Nikuongezee chai?" akauliza.